Soketi zenye "waranti ya maisha" zimekatika, na aliyetuuzia ni shemeji yangu

Mshauri, salamu kutoka Tororo.

Mimi ni fundi wa malori na taksi, gereji yangu iko kwenye barabara ya kwenda Malaba. Tuko mafundi tisa katika kikundi cha akiba. Kila Jumamosi jioni tunaweka sandukuni, na tangu mwaka jana mimi ndiye mwenyekiti. Mwezi wa pili tulichoka kuazimana vifaa, tukaamua kila mmoja awe na seti yake ya soketi: mraba wa nusu inchi, vipande 24, soketi (vikombe vya kushikia nati) kuanzia milimita 10 hadi 32, racheti (kipini chenye gia kinachoshika upande mmoja tu), kipini cha T na ekstensheni mbili za kurefushia. Seti moja shilingi 420,000, zote tisa 3,780,000. Tulilipa 2,520,000 taslimu. Zile 1,260,000 zilizobaki tukakubaliana kulipa kidogo kidogo hadi Desemba.

Chapa niliichagua mimi. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli hapa Tororo, na spana zake za ringi za chapa hiyohiyo ninazo mpaka leo. Zimeandikwa "England", zimechakaa rangi tu. Basi niliposikia jina lile nikawaambia wenzangu, hapa hatutapotea. Muuzaji naye ni kaka wa mke wangu, ana duka la vifaa mjini. Alituandikia risiti moja ya mkono kwa jina langu, akasema kwa mdomo wake, "Hizi zina waranti ya maisha."

Mwezi wa nne racheti ya kwanza ikaanza kuteleza. Mwezi wa tano ya pili. Soketi ya 19 ya mwenzetu mwingine ikapasuka ubavuni. Halafu ekstensheni yangu ndefu ikakatika ghafla mkononi mwa kijana ninayemfundisha kazi. Mkono wake uligonga chesisi, vidole viwili vikaumia, akakaa wiki tatu bila kazi. Matibabu nililipa mimi.

Nilipeleka vipande kwa shemeji. Akasema waranti ni ya kampuni, atamwuliza wakala wa Kampala. Wakala akataka picha. Baada ya picha akataka boksi. Baada ya boksi akataka risiti yenye muhuri kwa kila seti. Miezi miwili imepita, na juzi shemeji amenigeukia: "Nyinyi mnatia bomba kwenye kipini kukirefusha. Waranti ya maisha ni ya kifaa, si ya mtu anayekitesa."

Kikundi kimegawanyika. Wawili wanasema tusilipe lile deni. Mmoja anataka twende mahakamani. Kuna mwingine ananong'ona kwamba nilipewa kitu kidogo ili nilete biashara kwa shemeji, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mke wangu anasema kaka yake ndiye aliyetulipia karo ya mtoto mwaka juzi, nikimpeleka mahakamani Krismasi nitaila wapi?

Je, chapa hizi kubwa zimekwisha? Nigomee deni? Au nijiuzulu uenyekiti niwaachie wenyewe?

Fundi Mwenyekiti, Tororo

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Fundi Mwenyekiti,

Pole kwa yote, na pole zaidi kwa kijana. Barua yako imebeba mizigo mitatu kwenye begi moja: chuma kilichokatika, ahadi ya waranti ambayo hakuna anayeitaka mkononi mwake, na jina lako mbele ya wenzako na ndani ya nyumba yako. Ukiijibu yote kwa neno moja, "nalipa" au "silipi", miwili itabaki inakuelemea. Nami naona umeanza na ule wa tatu, kwa sababu ndio unaouma, ilhali ule wa kwanza hakuna aliyekaa akauchunguza.

Lakini kuna jambo lisilongoja mkutano. Kila racheti inayoteleza na kila soketi yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, iondoeni kazini leo. Ifungeni kwa waya mwekundu, isije ikarudi kwenye boksi kwa bahati mbaya. Racheti ikiteleza ukiwa umeivuta kwa nguvu zote, mkono huenda kulekule alikoumia kijana wako.

Sasa chuma. Unasema spana za baba zimedumu, kwa hiyo chapa ilikuwa bora zamani. Huenda ni kweli, lakini nikuulize: zile za baba zilizokatika ziko wapi? Zilitupwa. Umerithi zilizoshinda. Isitoshe spana ya ringi ni kipande kimoja cha chuma kisicho na kinachocheza ndani, na racheti ina gia, ulimi unaoshika meno yake, springi na kagololi kadogo. Kulinganisha hivyo viwili ni kulinganisha jembe na cherehani.

Hata hivyo hujakosea kuhisi kwamba mambo yamebadilika. Majina haya hununuliwa na kuuzwa kama viwanja. Craftsman ya Marekani ilianza mwaka 1927 chini ya maduka ya Sears, na waranti yake ilipata sifa kwa sababu uliingia duka lolote la Sears na kifaa kilichovunjika ukatoka na kipya, bila risiti. Mwaka 2017 jina hilo lilinunuliwa na Stanley Black & Decker, na mwaka uliofuata Sears wenyewe wakaomba ulinzi wa kufilisika. Koleo za Vise-Grip zilitengenezwa mji mdogo wa DeWitt, Nebraska, hadi mwaka 2008 kiwanda kilipofungwa na kazi ikahamia China. Sisemi China haiwezi kutengeneza kifaa kizuri, inaweza sana. Kiwanda hutoa kile ambacho mwenye jina amekilipia, na siku hizi jina moja linaweza kuwa na daraja mbili au tatu za ubora kwenye rafu moja. Baba alinunua jina na ubora kwa pamoja. Wewe huenda umenunua jina.

Ona pia kwamba ile waranti ya Sears ilisimama juu ya maduka. Palipokuwa na mtu nyuma ya kaunta mwenye ruhusa ya kukubadilishia, ilikuwa waranti. Tororo mtu huyo ni shemeji yako, naye hana ruhusa hiyo. Ana namba ya simu ya wakala tu. Karatasi za waranti za namna hii huandika kwamba zinafidia kasoro ya malighafi na utengenezaji, si kuchakaa wala matumizi mabaya, na neno "maisha" mara nyingi maana yake ni maisha ya kifaa katika matumizi ya kawaida. Kwa racheti, kampuni nyingi hukupa vipuri vya ndani tu, hawakupi racheti mpya. Kwa hiyo shemeji alipokujibu vile alikuwa mkali, lakini hakubuni. Kosa lake, kama lipo, ni la mwezi wa pili: alitamka maneno mawili matamu bila kuyafungua.

Je, mlitia bomba? Barua yako imeliruka swali hili, na nadhani unajua kwa nini. Tufanye hesabu pamoja. Mkono wa kawaida ukivuta kilo 40 kwenye kipini cha sentimita 25, unatoa kama Nm 100 (newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Nati ya gurudumu la taksi hukazwa kiasi hichohicho na kidogo zaidi, basi mpaka hapo tuko salama. Racheti ya nusu inchi iliyotengenezwa kwa viwango vya kimataifa hupimwa hadi karibu Nm 512. Lakini nati ya gurudumu la lori, ile ya 32 au 33, hukazwa kwa Nm 600 au zaidi, na ikishika kutu inadai zaidi ya hapo kufunguka. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja anatoa karibu Nm 690. Kwa nguvu hiyo racheti ya nusu inchi hufa, iwe ya chapa yoyote, ya mwaka wowote.

Kabla hujainamisha kichwa, geuza upande wa pili. Nani aliweka soketi ya 32 kwenye seti ya nusu inchi? Na shemeji alijua anawauzia mafundi wa malori wa barabara ya Malaba. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka muuzaji atoe kitu chenye ubora unaostahili, na kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Inamgusa muuzaji mwenyewe hata kama kampuni iko ng'ambo. Kwa hiyo "mnatia bomba" si mwisho wa maneno. Kuna la kujibu, ila lijibiwe na vipande vyenyewe.

Vipande hivyo vinasema mengi kuliko sisi sote. Usivioshe, usiunganishe sehemu mbili za mvunjiko na kuzisugua, vifunge kwenye gazeti kavu. Kwenye ekstensheni, tazama shingo ya mraba. Kama imejisokota kama kamba kabla ya kukatika, ilizidiwa nguvu. Kama imekatika safi, bila kujipinda hata kidogo, na sura yake ni punje za kijivu, huenda chuma kilipikwa vibaya: kilizamishwa kikawa kigumu, kisha hakikupashwa tena vya kutosha kukipa unyumbufu. Hapo una kesi ya utengenezaji. Ukiona sehemu moja ya mvunjiko ni nyeusi au ina kutu na nyingine inang'aa, ufa ulikuwepo kwa muda, na mistari iliyopindana kama alama za maji kwenye mchanga huonyesha ulivyokuwa ukitembea siku hadi siku.

Kuhusu soketi ya 19, muulize mwenye nayo swali moja: iliwahi kuwekwa kwenye impakti, ile mashine ya upepo wa kompresa inayofungua nati kwa kugonga? Soketi zinazong'aa ni za mkono. Za impakti ni nyeusi, kuta zake nene, chuma chake kinavumilia kugongwagongwa. Ya kung'aa kwenye impakti hupasuka kuanzia kwenye kona ya ndani, na hakuna kampuni itakayoilipia.

Racheti zinazoteleza ziacheni kwa sasa kama zilivyo, kwa sababu kuifungua kabla wakala hajasema lolote kunaweza kumpa kisingizio. Akikataa kwa maandishi, fungua. Ondoa skrubu mbili za kifuniko, au pete ya springi kama ndiyo inayokishika, juu ya kitambaa cheupe, maana kagololi na springi huruka na hutaviona tena. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, tazama kwenye mwanga. Mara nyingi utakuta grisi nzito ya bearingi ambayo fundi mwenyewe aliijaza kwa nia njema: imeshika vumbi, ulimi haushuki hadi chini ya meno, unashika ncha tu, ukivuta unaruka. Racheti ya meno 72 husogea nyuzi 5 tu kwa kila jino, ndiyo sababu inapendwa mahali pabanifu, lakini meno hayo ni madogo na hayasamehe uchafu. Kama kona za ulimi bado ni kali, matone machache ya mafuta mepesi yatairudisha kazini. Zikiwa za mviringo, unahitaji vipuri vya ndani. Meno ya gia yakiwa yamekatika, kichwa hicho kimekwisha.

Umejiuliza kimoyomoyo kama ni feki, ingawa hukuandika. Mna bahati ya kuwa na seti tisa. Zipangeni mezani. Linganisheni herufi zilizochorwa, mpangilio wa boksi, uzito wa soketi moja moja kwenye mizani ya dukani. Herufi zikitofautiana kati ya boksi na boksi ndani ya mzigo mmoja, pana neno. Halafu chukueni tupa mpya na ile soketi iliyokwisha kupasuka, mjaribu pembeni, mbali na ufa. Tupa inapaswa kuuma kwa shida. Ikila kama inakula nondo, chuma ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, ni kigumu mno. Msijaribu hivyo kwenye vipande vingine mnavyodai, mtaharibu ushahidi. Mkiwa na sababu ya kuamini ni feki, malalamiko hupokewa na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS. Jueni tu kwamba mkifika huko mzigo wa shemeji unaweza kukaguliwa wote, na aliyemuuzia yeye huenda akawa mbali zaidi.

Sasa deni. Kugoma kabisa kulipa 1,260,000 kunaonekana rahisi, lakini risiti ina jina lako, si la kikundi. Na vilivyoharibika, kwa maneno yako mwenyewe, ni racheti mbili, soketi moja na ekstensheni moja katika seti tisa. Ukigomea theluthi nzima ya bei kwa vipande vinne, hata mtu wa haki atakuuliza umepimaje. Kulipa kimyakimya nako kuna bei yake, kwa sababu yule anayenong'ona atapata la kusema kwa sauti. Kati ya hapo kuna njia ya kukadiria gharama ya vipande vile vinne, mkaomba ikatwe kwenye deni kwa maandishi, na kilichobaki mkaendelea kukilipa kwa tarehe mlizokubaliana. Sheria inamruhusu mnunuzi kudai bei ipunguzwe kwa kasoro. Hatari ya njia hii ni kwamba shemeji anaweza kuona umempiga kwa hesabu badala ya kumwomba. Maneno ya kufungulia mazungumzo yatakuwa na uzito kuliko tarakimu.

Mahakama ya madai madogo ipo, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, huhitaji wakili, na huanza na barua ya madai kwa mhusika. Dai lenu linaingia humo bila shida. Lakini mtakaposimama pale, swali la bomba litaulizwa chini ya kiapo, mbele ya wenzako wanane. Je, wote tisa watajibu sawasawa? Na kama kikundi hakijaandikishwa popote, mdai utakuwa wewe, dhidi ya kaka wa mke wako. Kabla ya hapo yuko mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, au mzee yeyote ambaye pande zote mbili humsikiliza, ingawa upatanishi wa nyumbani nao una kasoro yake: aliyelipa karo huingia na deni la shukrani mfukoni, na kila mtu chumbani analiona.

Kuhusu karo: mke wako hakusema umwachie kaka yake. Amekuuliza Krismasi utaila wapi. Nimelisoma hilo kama swali la mtu anayetaka kushirikishwa kabla mambo hayajaharibika. Umemwonyesha ile ekstensheni? Anajua kuhusu vidole vya kijana?

Uenyekiti. Ukijiuzulu sasa, unaweza kupumua, na mnong'ono ukageuka kuwa ushahidi: "aliona tumemgundua." Ukibaki na kuendelea kuzungumza na shemeji peke yako, unaulisha mnong'ono vilevile. Ipo hali ya tatu ambayo vikundi vingi huisahau: kubaki mwenyekiti kwa mengine yote, na kwa jambo hili moja kukaa pembeni. Mweka hazina na mwanachama mwingine, pengine yule mwenye maneno, ndio waende dukani na vipande. Wewe unaeleza wazi kwenye mkutano: huyu ni shemeji yangu, sikupokea chochote, na hapa sipigi kura. Kama kuna chochote ulichopokea, hata soda na nauli, kitaje mwenyewe kabla hakijatajwa na mwingine. Inaumiza kusimama hivyo mbele ya watu uliowachagulia chapa kwa moyo mweupe. Lakini kuchagua vibaya na kupokea kitu ni mambo mawili, na wenzako hawawezi kuyatenganisha kama wewe unayakwepa yote mawili.

Vipi kazi ya malori, wakati haya yanaendelea? Tisa mkiweka pamoja mnaweza kununua kipini kimoja cha robo tatu ya inchi na soketi nyeusi za 32 na 33, kikae gerejini kwako au kwa mwingine kwa zamu. Au ile mashine ya gia ya kuzungushia nati ambayo madereva wengi wa malori wanaibeba chini ya kiti: unazungusha mkono taratibu, nguvu inazidishwa ndani, hakuna wa kusimama juu ya bomba. Seti za nusu inchi zibaki kwa taksi na injini. Najua mmojawenu atasema huko ni kukubali kwamba mlikosea. Inawezekana. Inawezekana pia ni kumlinda kijana anayefuata, na dai lenu likabaki palepale.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla ya hoja ya deni haijaletwa, viwekeni vile vipande vinne mezani kwenye gazeti, kila mmoja aeleze kilikuwa kwenye nati gani kilipokufa, na mweka hazina aandike. Anza na ekstensheni yako wewe. Kisha niandikie tena, uniambie ile shingo ya mraba imejisokota au imekatika safi.